Kivu: Historia ya kasiksi, kiwanda kinachohama na wenyewe

Mwezi wa sita mwaka wa 2025, kampuni ya Heineken ya Uholanzi ilitangaza kwamba haiongozi tena shughuli zake kunako Bukavu na Goma. Watu wenye silaha walikuwa wameshika majengo yake, na kampuni ikaondoa wafanyakazi wake wa mwisho waliokuwa wamebaki. Kiwanda cha Bralima cha Bukavu, ambako Primus ya Kivu ilikuwa ikipikwa, kilifunguliwa mwaka wa 1950. Kilipita uhuru, uasi, vita vya 1996 na vya 1998, kikafika miaka sabini na mitano. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Wakati huohuo, kwenye vilima vya Kabare, Kalehe na Masisi, na kisiwani Idjwi, watu walikuwa wakifukia ndizi shimoni kama wanavyofanya kila juma. Siku chache baadaye kasiksi ilikuwa tayari, ikanywewa, ikaisha, ndizi nyingine zikaingia shimoni. Hakuna aliyetoa tangazo.

Historia ya kasiksi haijaandikwa sana. Waandishi wa mambo ya Kivu wameandika juu ya dhahabu, koltani, kahawa na kwinini, yaani vitu vinavyotoka kwenda ng'ambo. Kasiksi haivuki bahari, mara nyingi hata kilima cha pili haifiki. Lakini ni yenyewe iliyolipa mahari, iliyosomesha watoto na kuzika wafu, na leo ndiyo inayolisha jamaa nyingi zilizokimbia vita zikiwa hazikubeba kitu.

Aliyezaliwa kijijini haitaji kuelezwa namna inavyotengenezwa. Vijana waliokulia mjini au kambini, wao wameiona ndani ya bidoni ya njano peke yake, na wengine wanadhani imetoka dukani. Kwa ajili yao, habari ianzie shimoni.

Ndizi ya pombe si makemba, wala si ile ya kupika na maharagwe. Ina aina zake, na ikiwa mbichi huwa chungu, inakausha mdomo. Siku hizi wakulima wengi hukamua pia ile inayoitwa Yangambi Km 5. Jina hilo lilitoka kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, upande wa Kisangani, na ndizi yenyewe imependwa kwa sababu inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani.

Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa ila ingali kijani. Shimo huchimbwa, hutandikwa majani ya mgomba, na moto mdogo huwashwa ili kulitia joto. Ndizi hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na kunaachwa njia ya kupitishia moshi. Moshi ndio unaoivisha. Siku ya tatu, ya nne au ya tano, kwa jinsi baridi ya mlima ilivyo, shimo hufunuliwa na ndizi zote zimeiva pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya shimo. Ndizi zilizoachwa ziive zenyewe, hii leo na ile kesho, hazitoi maji kwa siku moja.

Zikimenywa hutiwa ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Hapo huchanganywa na nyasi ngumu, kisha hukandwa kwa mikono, na zikiwa nyingi hukanyagwa kwa miguu. Nyasi ni kitu cha lazima. Bila nyasi, ndizi inageuka uji na haiachii maji yake. Kwa nyasi, maji yanaanza kutoka, mazito na matamu, ndiyo mutobe. Watoto husimama pembeni wakingoja kikombe chao, kwa kuwa mutobe bado haujalevya mtu. Halafu kunaongezwa maji kidogo, mutobe unachujwa, na juu yake unanyunyizwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama ndio unaoamsha pombe na kuipa rangi. Chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba, kinawekwa penye joto. Kesho yake bado ni tamu, na kesho kutwa imekuwa kasiksi. Ikipita siku nne au tano inachacha kama siki, na mwenye kuipika anajua hasara imeingia.

Siku hizo chache za uhai ndizo zilizoamua mambo mengi. Pombe isiyofika juma haiwezi kuwekwa stoo ingoje bei ipande, na haiwezi kuvuka milima mitatu kichwani mwa mtu. Kwa hiyo kila kilima kilikuwa na wapishi wake, na hakukutokea tajiri mmoja wa kuishika nchi nzima. Majirani wanayo vilevile: Rwanda wanaiita urwagwa, Burundi urwarwa, na Wahaya wa Bukoba kunako Tanzania wana rubisi. Majina yanabadilika mpaka kwa mpaka, kazi ni ile ile.

Kunako Bushi, kabla ya karatasi za Serikali, mgomba wenyewe ulikuwa kama karatasi ya shamba. Mtu aliyetaka udongo wa kudumu alipeleka kalinzi kwa mwami au kwa mkubwa aliye chini yake, mara nyingi ng'ombe. Akiisha kulipa, shamba lilikuwa lake na la watoto wake, mradi aendelee kumheshimu aliyempa. Asiyekuwa na kalinzi aliomba bwasa. Bwasa ni kukodi: unalima kwa msimu au misimu kadhaa, unatoa kitu au siku za kazi, halafu unarudisha. Na bwasa ilikuwa na sharti moja ambalo wazee wa Kabare na Walungu wanalikumbuka mpaka leo. Unaweza kupanda maharagwe, viazi vitamu, mtama. Mgomba, hapana. Mgomba hauvunwi ukaisha. Ukikata mmoja, watoto wake wameshasimama pembeni, na shamba la migomba linaweza kumzika aliyelipanda na kumlisha mjukuu wake. Anayepanda mgomba kwenye udongo wa mwenzake anasema kwa mkono kwamba udongo huo ni wake.

Ndiyo maana nyumba iliyozungukwa na migomba ilikuwa nyumba ya mtu mwenye mizizi. Na kasiksi iliyotoka humo ilikuwa na maana kuliko kiu. Mtungi ulikwenda kwa mkubwa wa kilima, mtungi ulikwenda kwa wazazi wa msichana pale posa inapoletwa. Walioitwa kusaidia kulima walikunywa jioni. Waliogombana wakapatanishwa walikunywa kwa mrija kutoka chombo kimoja, mbele ya watu. Tusiweke sukari, lakini: pombe ile ile ilileta pia ugomvi, na wamama wengi walilala nje kwa sababu yake. Ndizi ya pombe ilihesabiwa mali ya mwanaume, naye ndiye aliyekamua na mara nyingi ndiye aliyeshika pesa. Mama alikuwa na mtama na maharagwe yake, na kazi ya kubeba maji na mikungu.

Wabelgiji walipoingia milimani waliuona udongo mzuri na baridi yake. Mwaka wa 1928 waliunda Comité National du Kivu, CNKi, iliyopewa madaraka juu ya ardhi kubwa mno ili kuigawia wakoloni wa kizungu. Kahawa, chai na kwinini zilipanda kwenye miteremko ya Kabare na Kalehe, na watu waliokuwa wakiishi hapo walisogezwa au wakafanywa vibarua kwenye udongo wao wenyewe. Mwenye migomba alijua sasa kwamba ule ushahidi wa mgomba haukuwa na nguvu mbele ya karatasi ya mzungu.

Kuhusu vileo, koloni ilikuwa na sheria mbili, ya mzungu na ya mweusi. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka wa 1919 ulikataza pombe kali za biashara kwa wenyeji wa Afrika, na Kongo ya Wabelgiji ilishika njia hiyo. Kutonesha pombe nyumbani kulikuwa kosa. Hapo ndipo kanyanga, ile inayotoneshwa kwenye moto, ilipozoea kuishi mafichoni, na mpaka leo haijaachana na tabia ya kujificha. Kasiksi haitoneshwi, ikabaki nje mbele ya nyumba.

Bia ya chupa iliingia kwa mlango mwingine. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, kampuni iliyokuja kuwa Bralima ilianzishwa mwaka wa 1923. Kunako Elisabethville, yaani Lubumbashi, kulikuwa na kiwanda cha Simba. Mwaka wa 1950 ikawa zamu ya Bukavu, mji ambao wakati huo ulikuwa bado ukiitwa Costermansville. Miaka saba mbele, Bralima ikasaidia kuzaa Bralirwa kunako Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Goma. Kwa karani, kwa mwalimu, kwa dereva mwenye mshahara, chupa juu ya meza ilikuwa alama kwamba mtu ameingia maisha mapya. Kasiksi ikaanza kuitwa pombe ya kijijini. Dharau hiyo haijaisha: mtu anaweza kuikataa mbele ya wageni, usiku akaitafuta.

Lakini kuna jambo ambalo meza haioneshi. Bia ya chupa inahitaji shairi lililooteshwa kwa ajili ya bia, na ua la hubloni linaloipa uchungu. Vyote viwili hutoka mbali, kwa meli, kwa bandari, kwa malori, kwa dola. Mchele na mahindi vinaweza kutoka hapa, mengine hapana. Kasiksi inahitaji migomba, mtama, nyasi, maji, na mtu anayejua. Barabara ikikatika, chupa inapanda bei au inakosekana. Kasiksi haijui kama kuna barabara.

Na barabara zilikatika. Baada ya uhuru, baada ya Mobutu kutangaza tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 kwamba mali ya wageni inachukuliwa na wananchi, mashamba mengi ya kahawa na chai yaliangukia watu wasioyajua, yakaota majani. Mwaka huohuo, sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba iliandika kwamba ardhi yote ni ya Serikali. Mashamba ya kimila yalibaki hewani, yakingoja maagizo ambayo hayakutolewa. Kalinzi na bwasa ziliendelea chinichini kana kwamba hakuna kilichosemwa. Mishahara ya walimu ikayeyuka. Kuanzia miaka ya tisini wazazi walibeba shule mgongoni kwa kulipa ile pesa iliyoitwa prime, hadi Serikali ilipotangaza masomo ya msingi kuwa ya bure mwaka wa 2019. Mtu mzima wa leo wa Kalehe au wa Idjwi aliyemaliza shule, ukimwuliza prime yake ilitoka wapi, mara nyingi atakuonesha migomba. Shimo moja la ndizi, robo ya mwaka wa masomo. Mashimo mawili, na madaftari juu yake. Hesabu ilikuwa hiyo nyumbani kwa watu wengi, ikipanda na kushuka kwa bei ya soko.

Kisha vita. Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu, mwaka wa 1996 vita vya kwanza, mwaka wa 1998 vya pili. Waasi wa RCD-Goma walitawala sehemu kubwa ya Kivu zote mbili. Kiwanda kikubwa cha Bukavu kiliendelea ndani ya hali hiyo, nacho kilibeba majeraha yake. Wafanyakazi 168 wa zamani, waliopoteza kazi kati ya 1999 na 2003, walipeleka mashtaka yao Uholanzi mwishoni mwa 2015, kwa ofisi inayochunguza kama makampuni yanashika kanuni za OECD. Walipata mapatano mwaka wa 2017. Hiyo ni miaka kumi na nne na zaidi ya kungoja. Mwaka wa 2013 watafiti wawili, Jason Miklian na Peer Schouten, waliandika namna malori ya bia yalivyokuwa yakipita kwenye bariere za wenye silaha na pesa zikibaki hapo.

Bariere haichagui ukubwa wa biashara. Mama mwenye bidoni moja naye hulipa, na akikosa franka anamiminiwa kikombe cha askari kutoka kwenye bidoni yake. Tofauti ni kwamba lori likizuiliwa, kiwanda kinahesabu hasara, na wenye kampuni wanaweza kufunga mlango. Mama hana mlango wa kufunga.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema kwamba kasiksi haina adui. Ingekuwa uongo. Adui alifika mwaka wa 2001, kunako teritware ya Masisi, bila bunduki.

Wakulima waliona majani yakigeuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na zikikatwa, ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Shina likikatwa lilitoa usaha wa njano. Ni mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Ugonjwa huo ulijulikana kwanza Ethiopia, na mwaka huohuo wa 2001 ulionekana pia Uganda. Kutoka Masisi ulitembea Kivu ya Kaskazini, ukashuka Kivu ya Kusini mpaka Kalehe. Kati ya ndizi zinazolimwa hapa, hakuna aina isiyoshikwa nao. Wadudu huubeba wakiruka kutoka ua hadi ua, yaani kile kidude chekundu kinachoning'inia chini ya mkungu. Panga nalo huubeba likitoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Na ndizi za pombe, ambazo watu huzikata wakizunguka shamba lote kwa panga moja ili kujaza shimo, ziliumia vibaya.

Mwanzoni wakulima waliambiwa wang'oe kila shina lililoshikwa, pamoja na kisiki na watoto wake wote. Wengi hawakufanya, na si kwa ujinga. Kung'oa kisiki kimoja ni kazi ya nusu siku, na kung'oa migomba yote ni kung'oa ile karatasi ya shamba. Baadaye watafiti walionesha njia nyepesi zaidi, nayo inastahili kurudiwa hapa kwa kila mwenye mgomba. Ukiona mgomba mmoja umeanza kuumwa, kata huo mmoja, chini kabisa kwenye udongo, acha wenzake, na urudi kila juma kuangalia mwingine. Vunja lile ua jekundu mapema, mara chane ya mwisho ikiisha kujitokeza, tena usilikate kwa panga: tumia mti mrefu wenye panda, ulizungushe mpaka livunjike. Panga lipitishe kwenye moto au kwenye maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba wa pili. Usichukue mtoto wa mgomba kutoka shamba usilolijua.

Kazi zote hizo zinahitaji mtu anayeamkia shambani mwake. Hapo vita na ugonjwa vinakutana. Mnamo mwezi wa kumi 2023, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, OIM, lilihesabu watu milioni 6.9 waliohama makwao ndani ya Kongo, wengi wao mashariki. Kila jamaa iliyokimbia kutoka kilima cha ndizi iliacha maua ambayo hakuna wa kuyavunja. Wadudu hawakukimbia.

Wahami waliofika Goma hawakuja na migomba, ila walikuja na kazi mikononi. Na Goma inaikataa kazi hiyo tangu hatua ya kwanza, kwa kuwa huwezi kuchimba shimo. Chini ni jiwe la Nyiragongo, lava iliyoganda juu ya lava. Basi ndizi hufungwa na kutundikwa juu ya jiko ziive kwa moshi wa chakula, au hupangwa ndani ya pipa. Chombo cha mti hakipo, kuna beseni. Nyasi zinanunuliwa. Ndizi zinatoka Idjwi na pwani za Kalehe kwa pirogi, zinashushwa kandoni mwa ziwa, zinapanda mjini juu ya chukudu. Kila hatua ina pesa yake. Mama aliyekuwa akikata mikungu nyuma ya nyumba yake sasa anainunua kwa mkopo, anakamua, anauza kikombe kwa kikombe, analipa mkopo, na kinachobaki ndicho unga wa jioni.

Kwa njia hiyo kasiksi ilibadilisha mikono. Ile iliyokuwa mali ya mwanaume, kambini ikawa kazi ya mama, kuanzia kununua mpaka kuuza. Wanaume wengine waliona haya, wengine walisaidia kukamua, wengine wakawa wanunuzi wa kwanza, na wa mkopo. Wazee wa kilimani wangeshangaa kuona mwanamke amekaa na bidoni yake akiamua nani anywe na nani alipe kwanza. Kwa nyumba nyingi hilo ni badiliko kubwa kuliko yote ambayo vita vimeleta kwenye pombe hii, na haionekani kama litarudi nyuma.

Kuna hatari moja ambayo wapishi wanaijua lakini haraka ya soko inaifunika. Maji yanayoongezwa kwenye mutobe hayapikwi. Kando ya Ziwa Kivu kolera haijawahi kuondoka. Mwaka wa 1994 iliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kunako Goma na vijiji vya kandokando kwa muda wa majuma machache tu. Kuchemsha maji na kuyaacha yapoe kunakula makaa, na makaa ni pesa, lakini pombe iliyochanganywa na maji ya ziwa inaweza kumaliza wanywaji wote wa siku moja. Wapo wanaoacha kabisa kuongeza maji. Kasiksi yao ni nzito, ni ghali kidogo, na ina wateja wake.

Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuchukua Goma, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Watu walipewa saa 72 wawe wameondoka. Waliobeba mahema walibeba, waliobeba beseni na bidoni walibeba. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine walisogea mitaa mingine kwa ndugu, wengine walikata kuelekea Minova.

Shamba la migomba lililoachwa miaka miwili halifi. Linasongamana. Kisiki kimoja kinatoa watoto kumi wanaogombania udongo, mikungu inakuwa midogo, majani makavu yanafunga njia, na kama mnyauko uliingia, mashina yaliyooza yamelala katikati ya mazima. Mwenye shamba anayerudi anaanza kwa kupunguza: anabakiza mgomba mama, mtoto na mjukuu, anakata mengine. Kisha anavunja maua. Akipanda mtoto mpya mahali palipo wazi, atangoja mwaka na zaidi kabla ya mkungu wa kwanza, ikiwa hakuna atakayemkimbiza tena kabla ya hapo.

Na kuna waliorudi wakakuta mtu mwingine ndani ya migomba yao. Hawa wanasimama mbele ya mkubwa wa kilima na mashahidi, na swali la kwanza bado ni lile la zamani: nani aliipanda? Wazee wanaoweza kujibu, wengi wamekufa au wako kambi nyingine.

Asiyeweza kurudi anakodi. Kunako Minova, Kalehe na Kabare, mhami akipata kipande cha udongo anakipata kwa mapatano yaleyale ya bwasa, hata kama siku hizi hulipwa kwa franka au dola. Mwenye shamba anamwonesha mipaka na kumwambia anachoruhusiwa kupanda. Anapanda maharagwe. Baada ya miezi mitatu anayavuna, anauza sehemu, anakwenda kando ya ziwa asubuhi pirogi zinapofika, na kuchagua mikungu ya pombe iliyopandwa na watu wengine.